Kusikiliza Kosa Kabla ya Kulisahihisha: Mwongozo Kamili wa Kupima Makosa ya Kusoma ya Mwanafunzi wa Darasa la Pili na Kupanga Mafunzo Yake

Katika madaftari mengi ya maendeleo ya wanafunzi, safu ya maoni hujazwa kwa maneno yale yale: "hajui kusoma", "anajitahidi", "aongeze bidii". Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia mwalimu afundishe nini Jumatatu asubuhi. Mtoto aliyeandikiwa "hajui kusoma" huenda anazijua herufi zote na silabi zote za konsonanti moja na irabu moja, ila hukwama kila anapokutana na herufi mwambatano, yaani konsonanti zinazoungana kabla ya irabu, kama mb au nd. Mwenzake aliyeandikiwa maneno hayo hayo huenda hukisia nusu ya kila kitenzi kirefu. Wa tatu huenda anasoma sawasawa kabisa, isipokuwa hutamka r kama l, jinsi wanavyotamka watu wa nyumbani kwao. Kuwapa wote watatu zoezi moja la kukariri "ba be bi bo bu" ni kuwapotezea muda wawili kati yao, na pengine wote.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa Tanzania, ambako tangu mtaala wa mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yameelekezwa zaidi kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mwalimu wa Kenya, au mzazi anayemsomesha mtoto sebuleni, anaweza kuutumia bila kubadilisha jambo kubwa. Utaratibu wenyewe wa kukaa kando ya mtoto na kuweka alama kwa kila neno analosoma uliendelezwa na Marie Clay wa New Zealand, na umeenea katika nchi nyingi. Lakini aliutengeneza kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake mara nyingi hayafuati sauti. Kiswahili hakiko hivyo. Kina irabu tano, silabi zake karibu zote huishia na irabu, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kwa hiyo kosa la msomaji wa Kiswahili linaweza kufuatiliwa hadi kwenye herufi lilikoanzia, na hiyo ni nafuu kubwa ambayo tusiitupe.

Hatua ya kwanza: andaa kifungu na mahali

Kifungu cha kupimia kiwe na maneno 50 hadi 70, kisiwe kimesomwa darasani, na kihusu mambo anayoyajua mtoto. Wanafunzi wengi wanajua kurasa za kitabu cha darasa kwa moyo. Ukimpa ukurasa huo atausoma huku macho yake yakiangalia dirishani. Tunga kifungu chako. Hakikisha kina silabi nyepesi za kutosha, herufi mwambatano za aina mbalimbali, na vitenzi kadhaa virefu, kwa sababu kifungu kisicho na mwambatano hakiwezi kukuonyesha kama mtoto anaujua.

Huu hapa mfano wenye maneno 60, ambao tutautumia hadi mwisho:

"Bibi Mwajuma ana mbuzi mweupe. Mbuzi huyo anapenda kula majani ya mgomba. Jana asubuhi alikata kamba akaingia shambani. Bibi alichukua fimbo akamfuata mbio. Mbuzi alipomwona bibi, alikimbia hadi kisimani. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakinywa maji. Mbuzi akajificha nyuma yao. Bibi alicheka sana, akarudi nyumbani bila mbuzi. Jioni mbuzi alirudi mwenyewe akiwa na njaa. Bibi alimpa pumba na maji ya kutosha."

Andika nakala mbili: moja kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri kwa ajili ya mtoto, nyingine yenye nafasi pana kati ya mistari kwa ajili yako. Kaa naye mahali ambapo wenzake hawasikii, chini ya mti au kwenye veranda. Jambo hili si la adabu tu. Mtoto anayejua kwamba dawati la nyuma linamsikiliza hunong'ona, na mnong'ono huficha makosa.

Hatua ya pili: sikiliza, andika, usisaidie

Mwambie kwa upole: "Mwanangu, nisomee hadithi hii kwa sauti. Ukifika penye neno gumu, jaribu mwenyewe kwanza." Kisha anza kuhesabu muda. Kazi yako kuanzia hapo ni kuandika sauti aliyoitoa, jinsi alivyoitoa, juu ya neno lililoandikwa. Hili ndilo jambo linaloshindikana mara nyingi. Walimu wengi huweka alama ya kosa, basi. Alama ya X juu ya neno "kamba" haina habari yoyote. Lakini ukiandika "kaba" juu yake, tayari umeshajua kwamba mtoto aliziona k, a, b na a, na kwamba kilichopotea ni m iliyo mbele ya b.

Alama chache zinatosha. Neno alilosoma sawa, weka kistari kidogo. Alilobadilisha, andika alichosema. Aliloruka, lizungushie duara. Aliloongeza, liandike mahali alipoliweka. Akijisahihisha mwenyewe, andika alichosema kwanza na uweke herufi J pembeni. Kujisahihisha hakuhesabiwi kama kosa, ila kunakuambia mengi. Akinyamaza kwa sekunde tatu hivi, mwambie neno hilo, uweke S ya kusaidiwa, na uendelee. Usimsahihishe katikati, usigune, na usitikise kichwa, kwa kuwa watoto wa umri huu husoma uso wa mwalimu kwa ufasaha kuliko wanavyosoma karatasi.

Ukiwa na simu inayorekodi sauti, itumie, ukisikilize kifungu tena jioni. Mara ya kwanza sikio la mwalimu husikia kile linachotarajia kusikia.

Tuchukue mfano wa binti mmoja wa Darasa la Pili, niliyemtunga kutokana na makosa ya kawaida ya watoto wa umri wake. Amesoma kifungu chote kwa dakika 2 na sekunde 24. Karatasi ya mwalimu inaonyesha haya: Mwajuma akasoma "Majuma", mweupe akasoma "meupe", mgomba, "mugomba", kamba, "kaba", alichukua, "alikuja", fimbo, "fibo", akamfuata, "akafuata", alipomwona, "alipomona", alikimbia, "alikibi... alikimbia" (J), jirani, "jilani", wakinywa, "wakinya", akajificha, "akafika", akarudi, "akaludi", alirudi, "aliludi", mwenyewe, "menyewe", njaa, "jaa". Mengine yote yako sawa.

Neno moja hapo linahitaji tahadhari. "Wakinya maji" mbele ya darasa zima lingeleta kicheko cha nusu saa, na mtoto angeikumbuka siku hiyo hata akiwa mtu mzima. Hiyo ni sababu nyingine ya kupimia pembeni.

Hatua ya tatu: uliza maswali ya ufahamu

Mara tu anapomaliza, ondoa karatasi na umuulize maswali manne au matano, mengine ya jambo lililoandikwa wazi na mengine yanayohitaji kuunganisha mambo mawili. Mbuzi wa bibi ana rangi gani? Anapenda kula nini? Alijificha wapi? Unadhani kwa nini alirudi nyumbani mwenyewe? Kwa nini bibi alicheka? Binti yetu amejibu mawili tu: majani ya mgomba, na rangi nyeupe.

Sasa fanya jambo ambalo vipimo vingi vya haraka hukosa. Msomee wewe kifungu kingine cha ugumu ule ule, yeye akisikiliza, kisha umuulize maswali ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kuwa ni zao la vitu viwili, kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri. Mtoto akijibu vizuri alichosikia lakini akashindwa alichosoma, lugha anayo, na shida iko kwenye herufi na silabi. Akishindwa yote mawili, hasa katika maeneo ambayo Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto, kadi za silabi peke yake hazitamfikisha mbali: anahitaji mazungumzo, hadithi za kusikiliza na msamiati. Binti yetu alijibu maswali manne kati ya matano ya kifungu alichosikia. Lugha anayo.

Hatua ya nne: tenganisha lafudhi na kosa

Kabla ya kuhesabu lolote, ondoa kwenye orodha kile ambacho si kosa la kusoma. Katika lugha nyingi za Kibantu, l na r hazitofautishi maana, na mtoto aliyekulia katika lugha kama hiyo ataziona herufi mbili tofauti kwenye karatasi na kuzitamka kwa namna moja. Vivyo hivyo kwa anayesema "zambi" penye "dhambi", "samani" penye "thamani", au anayeiacha h na kusema "apa" penye "hapa". Huyu amesoma. Ulimi wake tu ndio umetamka kwa desturi ya kwao.

Utajuaje? Mwonyeshe kitu au picha bila maandishi, umwombe akitaje. Muulize: "Mtu anayeishi nyumba ya pili kutoka kwenu anaitwaje?" Akijibu "jilani", basi "jilani" ya kwenye karatasi si kosa la kusoma, na "akaludi" na "aliludi" zinaondoka pamoja nayo. Fanya hivyo hivyo kwa "mugomba". Hapa kuna mtego, kwa kuwa Kisukuma kina "munhu" na Kihaya kina "omuntu", na mtoto wa lugha hizo anaweza kuiweka u baada ya m katika mazungumzo yake ya kila siku. Lakini binti yetu, alipoonyeshwa mgomba ulio nyuma ya choo cha walimu, alisema "mgomba" bila u yoyote. Kwa hiyo "mugomba" ni kosa la kusoma: ameona m, hakujua la kufanya nayo, akaizalia irabu.

Kuna walimu watakaosema kwamba lafudhi nayo lazima irekebishwe. Sawa, irekebishwe, katika kipindi cha matamshi na imla, maana asiyetofautisha l na r ataandika "kura" akimaanisha "kula". Ila usiichanganye na tatizo la kusoma, kwa sababu mtoto anayekatizwa kwenye kila r hupoteza uzi wa sentensi.

Hatua ya tano: hesabu

Maneno 60, makosa yaliyobaki 12, kwa hiyo yaliyosomwa sawa ni 48, ambayo ni asilimia 80. Laiti tungehesabu na lafudhi, makosa yangekuwa 15 na alama ingeshuka hadi asilimia 75 bila sababu. Kwa kasi, maneno 48 kwa sekunde 144 ni maneno 20 sahihi kwa dakika.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: asilimia 95 na zaidi, mtoto anaweza kukisoma kifungu peke yake, kati ya 90 na 94, kinamfaa akiwa na mwalimu, chini ya 90, ni kigumu mno kwake, na kuendelea kumsomesha vifungu vya namna hiyo ni kumzoeza kukisia. Kwa asilimia 80, binti yetu asipewe kifungu hiki kama zoezi. Kimefaa kwa kupimia tu.

Kuhusu kasi, usichukue viwango vya lugha nyingine. Neno moja la Kiswahili kama "hawakutuambia" limebeba ukanushi, watendaji, wakati uliopita, watendewa na kitendo chenyewe. Lugha nyingine zingetumia maneno manne au matano. Linganisha kasi ya mtoto na kasi yake mwenyewe ya mwezi uliopita.

Hatua ya sita: panga makosa kwa chanzo chake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo inapofaa kukaa muda mrefu zaidi. Kosa moja halithibitishi kitu. Mtoto huteleza kama mtu mzima anavyoteleza. Makosa matatu ya aina moja yana neno la kukuambia. Chukua makosa 12 uyagawe.

Kundi la kwanza ni w iliyopotea baada ya konsonanti: Majuma, meupe, alipomona, wakinya, menyewe. Matano. Kundi la pili ni m au n iliyopotea mbele ya konsonanti inayoungana nayo: kaba, fibo, jaa. Matatu, na "alikibi" aliyoisahihisha mwenyewe ni ya ukoo huo huo. Kundi la tatu ni m inayosimama kama silabi peke yake: mugomba na akafuata. Kundi la nne ni kukisia: alikuja kwa alichukua, akafika kwa akajificha.

Angalia sasa jambo ambalo jumla ya alama isingekuonyesha. Neno "mbuzi" limo mara sita katika kifungu, na mara zote sita amelisoma sawa. Je, si ushahidi kwamba mb anaijua? Hapana. Analijua neno, kwa umbo lake lote, kama anavyoijua sura ya mtu. Neno alilolizoea halikupi habari kuhusu silabi zake. "Fimbo" na "kamba" ndizo zilizomuumbua.

Angalia pia uzito wa kila kundi katika maana. Kupoteza w kunaonekana kama jambo dogo hadi ukumbuke kwamba w ndiyo inayogeuza "alipiga" kuwa "alipigwa", "kunyesha" kuwa "kunywesha", na "bana" kuwa "bwana". Mtoto asiyeisoma w hajui nani kampiga nani. Na m aliyoiacha katika "akamfuata" ndiye mbuzi mwenyewe. Ilipoondoka, bibi akabaki anafuata hewa. Si ajabu kwamba maswali ya ufahamu yamemshinda.

Ama kukisia, nina msimamo ambao baadhi ya walimu hawatakubaliana nao. Marie Clay na waliofuata mkondo wake walimhesabia mtoto kama nguvu pale alipoweka neno linaloleta maana au linalokaa vizuri katika sarufi, ingawa si lililoandikwa, na "alikuja" penye "alichukua" ina sarufi njema hadi hapo ilipo, kabla ya "fimbo" kufuata. Katika Kiswahili siioni kama nguvu. Vitenzi vyetu hufanana mwanzoni: ali-, aka-, ana-, wali-. Anayekisia kwa kuangalia mwanzo wa neno anakisia bila habari yoyote, kwa kuwa habari imekaa katikati na mwishoni: anapika, anapiga, anapita, anapima. Mtoto anapokisia, mimi nasoma kwamba amechoka kuunganisha silabi, au zile za katikati ni ngumu kwake. "Alichukua" ina silabi tano. "Akajificha" ina tano pia.

Hatua ya saba: thibitisha kwa orodha fupi

Makundi uliyopata ni dhana tu. Yathibitishe kesho yake, kwa dakika tano. Kwa w, andika silabi kumi: mwa, kwe, bwi, twa, swa, nywe, gwi, pwa, lwe, mwi. Kwa mwambatano wa m na n: mba, nde, nji, ngo, nzu, mvi, mbo, nda, nje, ngu. Kisha maneno ya kubuni machache ambayo hawezi kuwa amewahi kuyaona, kama "swiko", "twefa", "ndepi" na "njofa". Neno la kubuni halisomeki kwa kukumbuka. Linasomeka kwa kuunganisha tu, na ndiyo faida yake. Tahadhari moja: orodha ya maneno ya kubuni ipitiwe kwanza na mwenzako anayejua lugha za eneo hilo, kwa kuwa kilichobuniwa bila maana na mwalimu mgeni huweza kuwa tusi zito kwa wenyeji.

Baada ya hapo, weka karatasi chini upime masikio. Sema "kaba, kamba", "jaa, njaa", "guo, nguo", "mali, mwali", "bana, bwana", umuulize kama ni neno moja limerudiwa au ni mawili. Akisikia tofauti, shida iko kwenye herufi. Asiposikia, anza na masikio, tena uulize nyumbani kama amewahi kuugua masikio au kutokwa usaha. Mwangalie pia anavyoshika karatasi: anayeisogeza hadi puani au anayeinamisha kichwa upande mmoja anahitaji kupimwa macho kabla ya kupewa somo lolote. Na akigeuza b na d, usikimbilie kumpa jina la ugonjwa, kwa sababu katika miaka miwili ya kwanza ya kusoma hilo ni la kawaida.

Binti yetu alisikia tofauti zote. Katika silabi za w alisoma 3 kati ya 10; katika mwambatano wa m na n, 6 kati ya 10. Dhana imethibitika.

Hatua ya nane: panga wiki mbili

Usipange kufundisha makundi yote manne. Andalio la somo lenye malengo manne ni andalio lisilo na lengo. Mimi ningeanza na w, kwa sababu tatu: ndiyo yenye makosa mengi, kanuni yake ni moja kwa konsonanti zote, na imo katika maneno yasiyokwepeka kama kwa, mwaka, mwalimu, kwake na kila kitenzi cha kutendwa. Wiki ya pili iende kwa mb, nd, nj na ng. M yenye silabi yake ingoje, kwa kuwa inachanganya hata wakubwa: herufi zile zile za "mbuni" ni silabi mbili kwa ndege, mbu-ni, na ni tatu kwa mti wa kahawa, m-bu-ni. Kukisia kusifundishwe kama somo. Kushughulikiwe kila siku kwa dakika moja, kama nitakavyoeleza.

Kipindi kiwe cha dakika 15, kila siku, kwa kikundi cha watoto wanne hadi sita wenye kosa moja. Siku ya kwanza ya w inaweza kwenda hivi. Kwa dakika mbili, bila maandishi, watoto wanasikiliza "mali" na "mwali", wakisimama wanaposikia w. Kisha waonyeshe mdomo: waviringe midomo kama wanaotaka kupuliza filimbi, watoe "mu", halafu waifungue haraka kwenye "a". Mu-a, mu-a, mwa. Kwa dakika nne, weka mezani kadi ya m na kadi ya a, wasome "ma", ingiza kadi ya w katikati, wasome "mwa", iondoe, "ma", irudishe. Kuiingiza na kuiondoa huku kuna faida kuliko kuandika "mwa" ubaoni mara mia, maana mtoto anaona kwa macho yake kwamba herufi moja imebadilisha sauti. Fanya hivyo kwa k na b.

Dakika nne zinazofuata ni za maneno: mwaka, mwezi, kwao, bwana, mweupe. Baada yake sentensi mbili zinazotofautiana kwa w peke yake: "Mtoto alipiga mpira" na "Mtoto alipigwa mpira". Waulize nani aliumia. Watacheka, na kwa kicheko hicho watakuwa wameielewa w kuliko ambavyo maelezo yangewaelewesha. Malizia kwa imla ya maneno matatu, kwa kuwa mtoto anayeweza kuiandika w mahali pake hawezi kuisahau kirahisi anaposoma.

Wiki ya pili, kwa m na n, tumia pua. Mtoto aweke kidole kando ya pua anaposema "kamba" na "kaba", atasikia mtetemo kwenye neno moja na kuukosa kwenye jingine. Kadi ni zile zile: "ba", ingiza m, "mba".

Dakika ile moja ya kukisia ni hii: chukua kitenzi kimoja kirefu kila siku, kifunike kwa karatasi, ukifunue silabi moja moja kutoka kushoto, a-li-chu-ku-a, mtoto akizisoma kadiri zinavyotokea, kisha azirudie zote kwa pamoja bila kukata. Anapozoea, mpe karatasi ajifunikie mwenyewe. Akikosea, usimwambie neno. Mwambie: "Rudi, soma kama unavyoona."

Darasa lenye watoto 90

Utauliza: mwenye darasa la watoto 90 afanyeje? Swali hili ni la haki. Hakuna anayeweza kuwapima watoto 90 kwa namna hii. Anza na imla ya darasa zima yenye maneno kumi: kiti, baba, mwaka, kamba, nyoka, ndizi, bwana, ng'ombe, mti, alicheka. Sahihisha kwa kuangalia aina ya kosa, utaona mara moja walioandika "maka", walioandika "kaba", na walioshindwa hata "kiti". Hawa wa mwisho wapimwe herufi na silabi nyepesi, si kifungu. Kisha pima kwa kifungu watoto wawili kila siku, wakati wengine wanaandika, ukianza na wale ambao imla yao hukuielewa. Kikundi cha dakika 15 kifundishwe wakati wa zoezi la kuandika, na kadi zikatwe kwenye maboksi ya karatasi ya dukani.

Hatua ya tisa: pima tena

Baada ya wiki mbili tunga kifungu kingine chenye maneno 60 na idadi ile ile ya w na mwambatano, ila kwa maneno ambayo hayakufundishwa. Ukimpa "mwaka" na "bwana" utapima kumbukumbu yake; mpe "kwato", "mwiko" na "alifungwa". Kipimo changu cha kuhamia kundi jingine ni maneno tisa sahihi kati ya kumi mapya, siku mbili tofauti. Chini ya hapo, rudia wiki kwa mifano mingine.

Tuseme binti yetu sasa amesoma maneno 55 kati ya 60, ambayo ni karibu asilimia 92. Katika makosa matano yaliyobaki, moja ni la w, moja la mwambatano, na matatu ni m yenye silabi yake: mutungi, akapiga kwa akampiga, na alipa kwa alimpa. Kwenye safu ya maoni mwalimu anaandika: "Anasoma w baada ya konsonanti, na mb, nd, nj. Anaacha m ya mtendewa katikati ya kitenzi. Wiki ijayo: alipa na alimpa, alipiga na alimpiga, kupiga kofi kwa kila silabi."